Mbuzi Wamezaa Lini?

Wanafunzi wa udaktari wanapopangwa wodini kwangu kwa mara ya kwanza hutaka kujua nilisomea wapi. Ni swali la haki, nami huwajibu kwa kifupi. Kidato cha sita nilichukua fizikia, kemia na baiolojia. Chuo miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, hospitali ya wilaya miaka 4, kisha mwaka 2014 nikarudi Moshi kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani pale KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda. Sasa niko Arusha. Hayo yote yanaenea kwenye karatasi moja. Baada ya siku mbili tatu za raundi huja na swali la pili: "Dokta, kwa nini kila mwenye homa unamuuliza habari za mbuzi?"

Swali la mbuzi nilipewa na mlinzi wa getini.

Mwaka 2009 nilikuwa intani, yaani daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ya kanda hii ya kaskazini. Intani huzungushwa idara kwa idara: watoto, upasuaji, uzazi, na medikali, yaani magonjwa ya ndani. Nilikuwa na wiki ya tatu medikali, upande wa wanaume, alipolazwa mzee wa Kimasai kutoka Simanjiro. Alikuwa na homa ya miezi 2 inayopanda jioni na kushuka alfajiri. Usiku alitoka jasho la kulowanisha shuka, na mgongo ulimuuma hadi kugeuka kitandani ikawa kazi ya watu wawili. Alikuwa ametibiwa malaria mara 3 kwenye vituo tofauti. Karatasi ya maabara yetu nayo ilisema vijidudu vya malaria vimeonekana, vichache. Nikaandika kwenye faili "malaria kali", nikamtundikia dripu ya kwinini, nikahamia kitanda kinachofuata.

Siku ya nne homa ilikuwa palepale.

Mzee hakujua Kiswahili. Aliyetafsiri alikuwa mwanawe, kijana wa miaka 17 hivi. Baba angeongea dakika nzima, akinyoosha mkono, akifumba macho, halafu kijana angenigeukia na kusema, "Anasema homa." Nami nilikuwa binti wa miaka 26 ambaye nusu ya wagonjwa walimwita sista. Sikulalamikia jina hilo, maana manesi wa wodi ile walijua mengi kuliko mimi, ila lilinionyesha kwamba mzee yule hakuwa akimwona daktari mbele yake. Alimwona mtoto wa kike mwenye karatasi.

Jioni ile mlinzi wa getini, naye Mmasai, aliingia kumsalimu kabla ya kushika zamu. Nikamwomba anisaidie kutafsiri. Akavuta kiti. Hakuanza na homa. Waliulizana mvua, malisho, ng'ombe, watoto, nani ameoa, nani amehama na mifugo. Robo saa ikapita. Nilikuwa na wagonjwa wengine 11 wa kuwaona na miguu ikiniwaka. Nashukuru hadi leo kwamba nilinyamaza.

Mlinzi akanigeukia. "Dokta, anasema mbuzi wake wametupa mimba, karibu nusu ya zizi. Alikuwa anawasaidia kuzaa kwa mikono yake. Na kuna jambo jingine, hawezi kulisema mbele ya mtoto wake, wala mbele yako." Korodani moja ilikuwa imevimba tangu mwezi uliopita.

Nilimpigia simu daktari bingwa wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Brusela." Wafugaji wanaufahamu kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba. Unamfikia mtu kupitia maziwa mabichi, au kupitia damu na kondo la nyuma la mnyama anayezaa, na ndani ya mwili unapenda kujificha kwenye mifupa ya mgongo, kwenye viungo na kwenye korodani. Yote aliyokuwa nayo mzee. Damu ikapelekwa kupimwa, jibu likarudi vilevile. Akapewa doksisaiklini na rifampisini kwa wiki 6, si siku 3 za vidonge vya malaria. Wiki ya pili alitembea mwenyewe hadi bombani.

Miezi kadhaa baadaye alirudi akiwa mzima, akifuatana na mke wa mdogo wake, ambaye mimba zake 2 zilikuwa zimetoka. Hakuna mtu aliyemwagiza amlete. Yeye mwenyewe alikuwa ameunganisha habari ya zizi na habari ya nyumba. Wanawake ndio wanaokamua na ndio wanaoshika vitoto vya mbuzi vikitoka, kwa mikono mitupu. Nilikaa naye kwenye benchi nje ya kliniki, na safari hii mimi ndiye niliyeanza: mbuzi wamezaa lini, wangapi walitupa, nani aliwashika, maziwa yanachemshwa au la.

Miaka michache baadaye, nikisomea ubingwa, nilikutana na utafiti uliofanyika hapohapo Moshi, katika hospitali mbili za mji, kati ya mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Vipimo makini vilipofanywa, walioumwa kwa sababu ya malaria kweli walikuwa asilimia 1.6, yaani watu 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, leptospira, homa za kupe, chikungunya, brusela. Niliisoma ile namba mara tatu. Nilikuwa naandika "malaria kali" karibu wakati uleule, kwa mkono uleule wa madaktari wenzangu, na hakuna aliyekuwa mvivu kati yetu. Tulikuwa tumefundishwa jibu kabla ya swali.

Lazima niseme hapa jambo linalonisumbua. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea tulidhani tumepona ugonjwa huo wa kukimbilia jibu. Hatukupona. Malaria ikiwa hasi, sasa mgonjwa anaambiwa ana taifodi, kwa kipimo cha Widal ambacho humpa jibu la "ndiyo" hata mtu ambaye hana taifodi, au anaambiwa ana yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, na anaondoka na sindano za siku 5. Nakutana nao kila wiki: mtu ametibiwa taifodi mara 4 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna mtu anayeumwa taifodi mara 4 kwa mwaka. Kuna kitu kingine, na hakuna aliyeketi kukiuliza.

Kisa cha pili si chepesi kwangu kukisimulia, lakini bila hicho kazi yangu haieleweki.

Ilikuwa zamu ya usiku mwaka 2011, hospitali ya wilaya, ambako mimi nilikuwa daktari pekee wa usiku ule. Waliletwa bibi wa miaka 70 na kitu pamoja na ndugu 6 nyuma ya pikapu. Anaongea yasiyoeleweka, jasho linamtoka, mkono mmoja mzito. Ndugu mmoja alisema ni kupooza, mwingine alikuwa anamwombea kwa sauti. Mimi nilikuwa tayari nimeshaandika kichwani: kiharusi. Nesi hakungoja kichwa changu. Alimchoma kidole, akaniletea mashine: sukari 1.4, iko chini mno.

Tulimpa glukosi ya asilimia 50 kwenye mshipa. Kabla sindano haijaisha alifumbua macho, akamtazama mjukuu wake, akamwita kwa jina. Ndugu walilia kwa furaha, yule wa maombi akapiga magoti. Sijui kama kuna furaha inayofanana na hiyo katika kazi hii. Binti yake alinishika mikono miwili akasema, "Mungu akubariki mwanangu." Na mimi, nikiwa nimebarikiwa, nikakimbilia wodi ya wazazi ambako mama alikuwa anavuja damu.

Sikuandika apimwe tena.

Saa 12 asubuhi nilimkuta hatikisiki. Mashine haikusoma namba, iliandika kwamba sukari iko chini ya uwezo wake wa kupima. Tulifanya yote tena. Aliishi siku 9, hakumtambua mtu tena.

Bibi alikuwa anatumia glibenklamaidi, vidonge vinavyoshusha sukari kwa kulazimisha kongosho kutoa insulini. Kazi yake inaweza kuendelea saa 24 na zaidi, na mwenye figo dhaifu hukaa nazo muda mrefu zaidi kwa sababu mwili hauzitoi. Glukosi tuliyompa iliisha katika muda mfupi. Vidonge vilibaki vikifanya kazi usiku kucha. Alikuwa anatapika siku mbili, chakula hakikukaa, lakini vidonge alivimeza kila asubuhi kama alivyoagizwa, kwa utiifu. Ningeuliza swali moja ningeyajua hayo yote kabla ya saa 7 usiku: tangu jana amekula nini, na amemeza nini?

Nilimwambia binti yake ukweli, mimi mwenyewe, chini ya mti uliokuwa nyuma ya wodi. Nilimwambia nilipaswa kuagiza apimwe sukari kila saa, na sikuagiza. Alikaa kimya muda mrefu, akitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Kwa hiyo vidonge vile, baba naye anavitumia. Viko nyumbani. Tuvifanyeje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Tukaenda kumchukua baba siku ileile, tukampima figo, tukambadilishia dawa. Katika miaka yote ya masomo yangu hakuna mtihani ulionipima kama swali la binti yule.

Nilipoamua kusomea magonjwa ya ndani, wenzangu walishangaa. Wengi walikuwa wanaelekea uzazi au upasuaji, ambako unafungua, unatoa kibaya, unashona, na mgonjwa anakushukuru kwa kovu lake. Medikali wagonjwa wanakaa. Moyo uliochoka hauponi, unatunzwa. Kisukari hakiponi, unaishi nacho. Mimi nilitaka mahali ambapo naweza kurudi kwenye kitanda kilekile kesho na kesho kutwa, na kuuliza tena nilichosahau jana.

Pale Moshi nilipata mwalimu ambaye hakuruhusu tuanze na karatasi za vipimo. Alimwamkia mgonjwa kwanza, shikamoo kwa wazee hata yeye akiwa na mvi, kisha angemshika mkono na kukaa nao. Sisi tulidhani ni upole tu. Kumbe alikuwa anasoma: joto la ngozi, mapigo, kucha zimepauka au ncha zake zimetuna, kiganja kinatetemeka au la. Ndipo angemgonga mgongo kwa vidole, polepole, kutoka juu kwenda chini, huku sote tumenyamaza.

Siku moja alimgonga hivyo msichana aliyekuja kwetu akiwa na barua ya pumu. Upande wa kushoto sauti ilikuwa nyembamba na wazi. Kulia, kuanzia katikati kushuka chini, ikawa nzito kama unagonga ukuta. Maji kwenye utando wa pafu. Tulitoa lita moja na nusu ya maji ya rangi ya chai ya rangi, akavuta pumzi ambayo nadhani alikuwa hajaivuta kwa miezi. Kifua kikuu. Nani nyumbani anakohoa? Baba mdogo, tangu Pasaka. Wote wawili wakaanza dawa za miezi 6.

Jioni ile mwalimu alitusimulia kwamba ufundi huo wa kugonga kifua uliandikwa mwaka 1761 na daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamebaki na kiasi gani. Nilicheka kwa sauti, nikaona aibu kidogo, kisha nikamweleza kwa nini. Bibi yangu kule Kibosho alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi, na kabla ya wageni kufika angepita kwenye pipa na kuligonga kwa nyuma ya vidole, kutoka juu kushuka, hadi sauti ibadilike. "Imefika hapa," angesema, na hakukosea. Mwalimu alinitazama akasema, "Basi wewe ulianza shule mapema." Nimesikia sifa nyingine maishani. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka kila ninapoweka kidole kwenye mgongo wa mtu.

Maswali mengine yamenijia kwa njia fupi zaidi. Kijana wa Kahe, mgonjwa wa kisukari cha utotoni, alilazwa mara 3 ndani ya miezi 5, kila mara sukari imepanda hadi damu imekuwa na asidi. Kwenye faili lake kila daktari aliandika kwamba hachomi sindano. Alikuwa anachoma, mara 2 kwa siku, bila kukosa. Nilipomuuliza insulini anaiweka wapi, alisema juu ya kabati, chini ya bati. Kahe ni tambarare ya joto, na nyumbani kwao hakuna friji. Alikuwa anajichoma maji yaliyopikwa na jua. Nesi wa kliniki ya kisukari alimfundisha kutumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, na chupa ya insulini ndani ya kifuko kisichopitisha maji. Hajalazwa tena kwa sababu hiyo.

Huku Arusha nimeongeza swali la maji. Anakuja mzee kutoka vijiji vya chini ya Mlima Meru, mgongo umekakamaa kama ubao, meno ya kahawia tangu utotoni, na amepewa dawa za baridi yabisi miaka nenda rudi. Picha ya eksirei inaonyesha mifupa myeupe kupita kawaida. Ni floraidi, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vyetu vinavuka hapo mara nyingi. Pale Ngurdoto kuna kituo kinachohangaika na kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Mgongo wa mzee siwezi kuurudisha. Nauliza kwa ajili ya wajukuu: mnachota wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa na kundi la wanafunzi 5. Kitanda cha 14 alilala babu kutoka Sanya Juu, moyo umetanuka, ameanguka mara 2 asubuhi akitoka chooni. Nilikuwa nimeshamwona jana yake. Nilimuuliza mito mingapi analalia, chumvi, mbege, miguu imevimba tangu lini. Mapigo ya moyo yalikuwa taratibu na presha iko chini, hasa asubuhi. Nilipanga kumpunguzia dawa.

Mwanafunzi mmoja, binti mpole kutoka Mwanza ambaye tangu wiki ianze hakuwa amefungua mdomo, aliomba ruhusa. Alipiga goti kidogo karibu na kitanda. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu."

"Babu, nyumbani dawa zako nani anakutolea?"

Sijawahi kuuliza hivyo. Huwa nauliza kama mgonjwa anameza.

"Mjukuu wangu," babu akasema. "Mimi macho hayaoni maandishi. Yuko darasa la tatu, ana akili sana."

Tulimwomba bibi aje na bahasha za dawa na huyo mtoto saa ya kuona wagonjwa. Mtoto alikuja na sare za shule, ameshika mfuko wa nailoni kwa mikono miwili. Nilimpa bahasha ya kavedilo, ile ya moyo, ambayo juu yake mfamasia ameandika kwa kalamu 1 x 2, yaani kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nikamwambia anionyeshe anavyomtolea babu.

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi, akajibu kwa sauti ya darasani: "Moja mara mbili ni mbili." Akatoa vidonge viwili, akaviweka kwenye kiganja cha babu yake.